Droni Ilimsubiri Persis

Habari hii nilipewa na Persis mwenyewe, Ijumaa moja ya likizo ya Agosti, tukimenya ndizi za kupika kabla ya Sabato kuingia. Mama yake, Gladys, alikuwa kando akisugua sufuria, na kila Persis alipotia chumvi katika maneno yake, mama alimrudisha njiani. Kwa hiyo nawaandikia kama ilivyokuwa, wala sijaongeza la kwangu.

Kwao ni upande wa Marani, kule ambako shamba la kila mtu ni mkanda mwembamba unaoanzia barabarani na kuteremka mpaka kijitoni. Persis yuko gredi ya saba. Kila akitoka shuleni huvua sare, hunywa uji uliopoa, hushika mtungi na kuteremka chemchemini. Ijumaa huteremka tena na tena, maana jua likishazama ni Sabato, na mama yake hataki kusikia mtungi ukigonga mlango.

Chemchemi yenyewe iko katika shamba la mama mmoja mzee, Nyangate. Watoto wote humwita Magokoro, ndivyo tunavyomwita bibi katika lugha yetu. Mume wake marehemu na babu yake Persis walizaliwa tumbo moja. Anaishi peke yake, na hajawahi kumfukuza mtu majini. Ukimkuta hapo atakuambia tu, "Teka, lakini usinichafulie."

Jirani yake ni Bosire, baba mdogo wake Persis. Kati ya shamba la Bosire na la Nyangate kulikuwa na safu ya minyaa, ile mimea ya mpakani inayotoa utomvu mweupe ukiivunja. Wazee hao wawili waliipanda kwa mikono yao walipogawana. Hati ya ardhi hiyo yote bado ina jina la baba yao, aliyekufa zamani, basi minyaa ile ndiyo iliyokuwa ramani. Hakukuwa na nyingine.

Sasa Bosire alikuwa anataka kujenga nyumba za kupangisha, na wiki nzima hakuongea jambo jingine.

"Shemeji, mimi sipimi kwa kamba kama watu wa zamani," alimwambia Gladys, akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Nimeajiri wapima ardhi wa droni kutoka mjini Kisii. Inaruka, inapiga picha kila jani. Fundi akiishika ile ramani, anaanza msingi siku hiyo hiyo."

"Wanakuja lini?" Gladys akauliza.

"Kesho asubuhi."

"Kesho Sabato! Si tutakuwa wote kanisani?"

"Ndiyo vizuri," akasema Bosire. "Hakutakuwa na watu wa kuisumbua."

Jioni hiyo Persis aliteremka na mtungi wake wa mwisho. Alipopita kwenye migomba alimwona baba mdogo ameinama, jembe mkononi, shati limejaa madoa meupe ya utomvu. Safu ya minyaa haikuwa mahali pake. Ilikuwa imesogea ndani ya shamba la Magokoro, nayo chemchemi sasa ilikuwa upande wa Bosire. Pale ilipokuwa zamani palikuwa na majani ya mgomba yaliyotandazwa vizuri, kama mtu amefunika mahindi yasinyeshewe.

"Baba Mdogo, unafanya nini?"

Bosire aliruka kama aliyekanyaga siafu. Kisha akacheka. "Ah, ni wewe! Ninanyoosha mpaka. Ulikuwa umepinda."

"Na chemchemi?"

"Chemchemi itapata ukuta na pampu. Wapangaji wangu watakunywa nini, umande?"

"Na sisi? Na watu wa kule chini?"

"Wewe ni mtoto wa nyumba hii, utapata." Akasogea karibu na kushusha sauti. "Nisikilize, Persis. Nyangate alikuja kuolewa tu hapa. Wewe ni damu yetu. Picha ya kutoka juu haina wa kubishana nayo, hata chifu ataikubali. Ukiulizwa, hukuona kitu. Au umeanza kuwafundisha wakubwa?"

 Persis aliteka maji, akapanda mlima mbio hadi nusu ya maji ikammwagikia miguuni. Alipomweleza mama yake, Gladys aliangalia mlango kwanza, ndipo akasema polepole, "Nyamaza, mwanangu. Baba yako yuko Nyamira kwenye kiwanda cha majani chai, anarudi mwisho wa mwezi. Bosire ndiye mwanamume aliye karibu. Tukigombana naye, tutakimbilia wapi?"

"Kwa hiyo tumwache aibe?"

"Nimesema unyamaze."

Basi alinyamaza, lakini kunyamaza kwa Persis unakujua? Kulikuwa kama sufuria iliyofunikwa na moto uko chini.

Asubuhi wakaenda kanisani. Magokoro Nyangate alikuwa benchi ya mbele, kitambaa cheupe kichwani, akiimba kwa nguvu kuliko kwaya. Bosire hakuonekana. Darasa la watoto lilipoanza, Persis alikuwa anatazama dirishani tu. Mwalimu alipomuuliza jambo, alisimama. Wenzake wakadhani anajibu.

"Samahani, mwalimu," akasema, "kuna kazi inanisubiri," akatoka.

"Kazi gani Sabato?" mtoto mmoja akapiga kelele, na darasa zima likacheka. Gladys alimwona akipita uwanjani, akampungia mkono arudi. Persis alimwona, na hakurudi.

Alikuta gari jeupe barabarani. Chini shambani, mama mmoja wa mjini aliyevaa hijabu na buti za mpira alikuwa akilaza vibao vyeupe chini, ili kamera ivione kutoka juu. Huyo ndiye Farhiya, mpima ardhi. Mwenzake Haron alikuwa ameshaiweka droni juu ya mkeka, mabawa yake madogo yamekunjuliwa. Bosire alikuwa anawaonyesha safu ya minyaa kwa kidole.

"Huo ndio mpaka, na jirani ameridhika," alikuwa akisema. "Amekwenda kanisani, ameniachia mimi."

"Si kweli!" Persis akasema kwa sauti.

Wote watatu wakageuka. Bosire akakunja uso. "Persis! Rudi kanisani mara moja."

"Sirudi. Minyaa hii ilihamishwa jana. Mpaka uko hapa."

"Huyu mtoto ni mwongo, msimsikilize," Bosire akawaambia wageni. "Amemshinda mama yake. Endeleeni na kazi."

Farhiya alimtazama Persis, kisha Bosire. Akavuta pumzi. "Bwana Bosire, hayo mtaelewana baadaye. Lakini mtoto atoke hapo kwanza. Kanuni ya kazi yetu ni kwamba haturushi droni juu ya mtu. Ikianguka, itamvunja kichwa."

Persis aliposikia hivyo, alitembea mpaka kwenye majani ya mgomba, akakusanya gauni lake la Sabato, akaketi katikati ya mpaka wa zamani.

"Basi hamtairusha," akasema.

"Simama!" Bosire alinguruma.

"Sisimami."

"Nitakubeba!"

"Nibebe. Nitarudi. Ukinibeba tena, nitarudi tena."

Haron akageukia kando akijaza hewa mashavuni ili asicheke. Bosire alizunguka kama jogoo aliyefungwa mguu. Alibembeleza, akasema atamnunulia viatu vipya. Akatisha, akasema atamwambia baba yake aache kumlipia shule. Persis aliyashika majani ya mgomba kwa mikono yote miwili, asibanduke. Jua likapanda. Farhiya akaketi juu ya sanduku lake, akafungua maji, akanywa, akamletea Persis kidogo. Kisha akarudi kuketi, akasubiri.

Kanisa lilipotoka, watu walianza kuteremka mlima. Mbele yao alikuwa Gladys, viatu mkononi. Bosire akamkimbilia.

"Shemeji, afadhali umekuja! Mtoe mtoto wako hapa, anatuaibisha mbele ya wageni. Anamtetea Nyangate, mtu aliyekuja kuolewa tu!"

Gladys alisimama. Alimtazama shemeji yake, halafu akamtazama binti yake aliyeketi juu ya majani makavu, midomo imekauka.

"Hata mimi nilikuja kuolewa tu," akasema. "Leo ni minyaa yake. Siku ambayo mume wangu Onyancha hatakuwepo, itakuwa yangu." Akaweka viatu chini, akaketi kando ya Persis. "Sasa tubebe sote wawili."

Magokoro Nyangate alifika akipumua kwa shida. Hakuuliza maswali mengi. Alitazama minyaa mipya, akatazama chemchemi, akaelewa. Akamwambia Farhiya, "Mama, hebu funua hayo majani."

Persis na mama yake wakasimama. Farhiya na Haron wakaondoa majani ya mgomba, jani moja baada ya jingine. Chini yake palikuwa na mashimo mapya, udongo bado una unyevu, na katika kila shimo vipande vya mizizi iliyokatwa. Yalikwenda kwa mstari mmoja kutoka juu mpaka kijitoni, bila kupinda hata kidogo. Mtu yeyote angeuona, hata bila droni.

Watu walimgeukia Bosire. Alikuwa anaangalia buti zake.

"Bwana Bosire," Farhiya akasema, akianza kukusanya vibao vyake, "hii mashine ni ya kweli sana, lakini haina dhamiri. Inapiga picha ya kilichopo. Ukiiwekea uongo chini, itakuletea picha safi ya uongo, na fundi atajenga juu yake. Kosa ni langu pia. Nilipaswa kumsubiri jirani, siyo kusikia neno la mmoja. Nitarudi Jumatatu, minyaa ikiwa mahali pake, na ninyi wawili mkinionyesha mpaka kwa mikono yenu. Bila hivyo, tafuta mwingine."

"Jumatatu," Bosire akasema kwa sauti ndogo, "nitakuwepo."

Magokoro hakumkaripia. Alimshika Persis bega, akawageukia watoto waliojaa pale kutazama, wakiwemo wale waliocheka darasani.

"Mmeona huyu?" akasema. "Wengine mtaambiwa leo kwamba amekosa adabu. Adabu anayo, na mimi namfahamu. Kumheshimu mkubwa si kumsaidia kuiba. Ukiona jambo lisilo la haki, liseme, hata kama anayelifanya ni wa nyumbani kwenu, hata kama sauti yako inatetemeka. Wewe Bosire, ungeniomba maji ya wapangaji wako, ningekupa. Mimi namnyima nani maji?"



Siku hiyo Persis na mama yake walikula chakula kilichopoa, na Gladys alimpa binti yake kipande kikubwa cha nyama bila kusema kwa nini. Jua lilipozama alimpigia Onyancha simu, akamweleza yote. Persis alisikia baba yake akicheka upande wa pili, halafu akasema, "Mwambie nimesema asante."

Persis alikuwa ameshajifunika blanketi mlango ulipogongwa. Ilikuwa sauti ya baba mdogo. Akainua kichwa asikilize.

"Shemeji, sijaja kugombana," Bosire alisema. "Kesho asubuhi narudisha minyaa. Mwambie huyo jaji wako aje asimamie, nisije nikaambiwa nimepinda tena."

"Nitamwambia," Gladys akajibu. "Ila uje na jembe lako, hatutakuazima letu."

Bosire akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeshindwa na anayejua ameshindwa, akaaga. Gladys akafunga mlango, akazima taa, na baada ya muda mfupi akaanza kukoroma. Persis alilala chali gizani, akipanga sauti atakayotumia kesho kumwambia mtu mzima, "Hapo umepinda, Baba Mdogo, ng'oa, kisha upande upya." Aliijaribu mara moja kwa mnong'ono, akaona inatosha, akageukia ukutani, naye akalala.