Majina Hayafanani

Jua lilikuwa linashuka upande wa ziwa nilipotoka nyumbani Nyasura kwenda kutuma fomu ya ubatizo ya mjukuu wangu. Si mbali. Unateremka tu, unapita mashine ya kusaga, hadi steshenari ya kijana Emanuel karibu na barabara kubwa. Nyuma yangu mtoto alikuwa analia. Nilimsikia hadi nilipoipita mashine.

Alilia hivyo kila jioni tangu tulipomzika mama yake.

Mama yake ni Matrida, binti yangu. Alifariki siku aliyojifungua. Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Maneno hayo nayasema kila siku, na kila siku nayasema polepole kuliko jana. Baba wa mtoto, Boniphace, yuko machimboni Buhemba. Alikuja kuzika, akarudi. Mtoto tukabaki naye mimi na mke wangu Nyangi, pamoja na chupa ya maziwa ambayo mtoto hakuitaka.

Kwetu mtoto halii bure. Akilia jioni na zahanati wameshasema hana ugonjwa, basi anatafuta jina. Wazee hukaa naye wakawaita marehemu wa ukoo, mmoja mmoja, bila haraka. Jina likitajwa na mtoto akanyamaza, hilo ndilo lake. Padri wetu hakatazi. Anasema tu jina lenyewe lifike kanisani.

Tulimwitia marehemu wote tunaowajua. Wa upande wangu kule Bukima, wa upande wa Nyangi kule Butiama. Hakunyamaza. Mikono yake ilianza kuwa kama vijiti.

Jina moja tu hatukuliita. La mama yake.

"Bado mapema," Nyangi aliniambia. "Mwanetu bado yuko njiani. Usimgeuze arudi."

Lakini siku ile niliamua. Mtoto angebatizwa Jumapili, na angeitwa Matrida.

Sasa, hiyo fomu. Ni Matrida mwenyewe aliyeitengeneza. Alisomea kompyuta Musoma, akafanya kazi na Emanuel pale steshenari, na parokia ikamwomba aweke fomu ya ubatizo kwenye mtandao ili watu wa vigango vya mbali wasisafiri kwa ajili ya karatasi. Aliijaribia kwangu. Alinikalisha mezani, akaniambia nikosee kwa makusudi.

Nilikosea. Na kila nilipokosea, maneno mekundu yalitokea chini ya kisanduku, nami niliyasoma kwa sauti yake kabisa.

"Baba, namba ya simu inakuwaga na tarakimu kumi. Hesabu tena."

"Tarehe hii haijafika, baba. Mtoto atazaliwa kesho?"

Nilicheka sana. Aliniambia kazi hiyo inafanywa na maandishi yaliyofichwa nyuma ya ukurasa, yanaitwa JavaScript. Yanasimama mlangoni kama mlinzi na kukagua kila neno kabla halijatumwa. Jina la mtoto unaliandika mara mbili, katika visanduku viwili. Yasipolingana, hupiti. Kwa sababu jina, alisema, halirudishwi kirahisi.

Baada ya kumzika nilikuwa na tabia moja. Asubuhi, kabla ya sala, nilifungua fomu ile kwenye simu yangu. Sikujaza kitu. Nilibonyeza tu TUMA. Maneno mekundu yakaja.

"Baba, umesahau kunitajia mtoto. Rudi hapa juu."

"Samahani, mama," nilimjibu. Kisha nikasali.

Jioni ile steshenari ilikuwa tupu, isipokuwa mwanamke mzee kwenye benchi la ndani. Kanga yake ilikuwa imepauka. Miguu yake ilikuwa imelowa maji... na sisi tulikuwa katikati ya kiangazi. Pale ndani palinuka tope la ziwa, lile la chini ya magugu.

"Shikamoo, mama."

Hakusema marahaba.

"Mtoto bado analia?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Nyasura wote wanajua nyumba yangu ina kilio. Sikushangaa.

"Bado, mama. Mtuombee."

"Nimekuja kwa ajili hiyo."

Emanuel aliniita kwenye kompyuta. "Kaa hapa, mzee. Orodha ya Jumapili inafungwa leo." Alinitazama nikitafuta herufi kwa kidole kimoja. "Mzee, unaandika kama unapanda mihogo. Unachimba, unafukia, unachimba, unafukia."

"Mihogo yangu inaota," nilimwambia.

Nikaandika kwenye kisanduku cha kwanza. Matrida. Nikashuka cha pili. Matrida. Nyuma yangu nilisikia yule bibi ananong'ona. Nilidhani ni rozari.

Nilipotoa kidole, maneno mekundu yakaja.

"Baba, majina hayafanani. Rudia polepole."

Nikafuta. Nikarudia, herufi kwa herufi. Mnong'ono nyuma yangu ukarudi, nao herufi kwa herufi.

"Baba, majina hayafanani."

Emanuel akaandika mwenyewe, haraka. Ikakataa. Akaandika tena. Ikakataa. Akafungua pembeni ya kioo sehemu ambako mafundi huona mambo ya ndani.

"Tuiulize," alisema. "Itatuambia inaona nini kwenye kila kisanduku."

Akabonyeza. Mistari miwili ikatokea.

Kisanduku cha kwanza: Matrida.

Kisanduku cha pili: Nyanjura.

Nilitazama kisanduku chenyewe. Kwa macho yangu kilikuwa kimeandikwa Matrida, wazi kabisa. Emanuel naye alikuwa anakitazama. Hakutania tena.

"Nyanjura ni nani, mzee?"

"Simjui."

Benchi likalia. Kwii...

"Mmh," yule bibi aliitikia nyuma yetu. Taratibu. Kama mtu aliyeitwa.

Sikugeuka. Hadi leo sijui kwa nini sikugeuka.

"Itakuwa kompyuta imekumbuka jina la mtu aliyejaza kabla," Emanuel alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. "Inafanyaga hivyo. Naweza kumtoa mlinzi kidogo, tutume, kesho nimrudishe."

"Ukimtoa?"

"Fomu itapita. Kitu chochote kitapita." Alijikuna shingo. "Kule parokiani inakopokelewa, Matrida alitaka kuweka mlinzi wa pili, wa kukagua upya. Alisema mlinzi wa mlangoni hatoshi, mtu anaweza kumzunguka. Ila hakuwahi kumaliza."

Simu yangu ikaita. Nyangi.

"Baba Matrida..." Nyuma yake mtoto alikuwa analia, lakini kilio kilikuwa kimekonda, kama cha paka mbali. "Baba Matrida, analegea. Rudi. Midomo inakauka."

Nikamwambia Emanuel, "Mtoe."

Alifungua maandishi ya Matrida. Nilikuwa sijawahi kuyaona. Mistari mingi, imepangwa vizuri kama msuko wa mkeka. Akaweka vijistari viwili vya mshazari mbele ya mstari mmoja. Mstari ule ukafifia, ukawa wa kijivu, kama uso wa mtu aliyekata roho.

Akaandika majina upya. Akabonyeza TUMA.

Hakuna wekundu. Hakuna sauti ya binti yangu.

"Asante. Mtoto amepokelewa."

Na kwenye simu, sikioni mwangu, kilio kikakatika.

Kimya.

"Nyangi? Nyangi!"

"Amenyamaza," alinong'ona. "Yesu wangu... anakunywa. Baba Matrida, ameishika chupa, anakunywa!"

Nililia pale pale mbele ya kijana wa watu. Nikageuka nimwambie yule bibi kwamba maombi yamejibiwa.

Benchi lilikuwa tupu. Palipokuwa na miguu yake palikuwa na maji, na uzi mmoja wa magugu ya ziwa.

"Mama yako ametangulia nyumbani?" Emanuel aliuliza.

"Mama yangu?"

"Si yule bibi? Alifika kabla yako. Nikamuuliza shida yake, akasema anamsubiri mwanawe aje amwandike."

"Mama yangu amezikwa Bukima, Emanuel."

Simu ikatetemeka mkononi mwangu. Ujumbe wa parokia.

"Mtoto NYANJURA amepokelewa kwa ubatizo wa Jumapili."

Nilipofika nyumbani mtoto alikuwa amelala, tumbo limejaa, mdomo una maziwa. Nyangi alikuwa anaimba. Sikutaka kumkatiza, lakini nilimwonyesha simu. Wimbo uliishia katikati.

"Nani amekupa jina hili?"

"Unalijua?"

Aliketi chini.

"Mama yako alinitajia mara moja tu, nilipomzaa Matrida. Alinitajia ili nijue lipi nisiliite. Ni mwanamke wa ukoo wenu. Watoto wa jirani walikufa, wakasema yeye ndiye mchawi. Wakampeleka ufukweni Bukima, wakamwacha huko kwenye magugu. Hakuzikwa. Wazee wakaapa jina lake lisiitwe tena kwa mtoto yeyote."

"Alikuwa mchawi kweli?"

"Mimi najuaje, Baba Matrida? Najua tu kwamba majuma yote haya tumewaita wazee wote waliotangulia." Alimtazama mtoto. "Wote, isipokuwa yeye."

Ijumaa nilikwenda ofisi ya parokia. Karani, dada Marieta, alirekebisha jina bila maneno mengi. Aliandika Matrida kwa mkono wake kwenye kitabu, nikaona kwa macho yangu. Nikamshukuru Mungu.

Jumapili padri alimwaga maji. "Matrida, nakubatiza..."

Mtoto akaanza kulia. Kilio kilekile cha jioni, asubuhi kweupe, mbele ya waumini wote. Alilia hadi sauti ikapotea, mdomo ukabaki wazi tu. Nyangi alimtoa nje, akaenda naye nyuma ya kanisa. Baada ya muda kukawa kimya.

Nikawafuata. Mtoto alikuwa anacheza na kitambaa cha kichwa cha bibi yake.

"Umemwitaje?" nilimuuliza.

"Nimempa maziwa."

Chupa ilikuwa ndani, kwenye begi, pembeni ya kiti changu. Sikumwambia.

Toka hapo mtoto ana afya. Ni mnene, anacheka, majirani wanamgombania. Cheti chake kinasema Matrida. Mimi namwita Matrida. Nyangi anamwita "mama", au "wewe", au hamwiti kabisa. Mtoto hanigeukii ninapomwita. Nilimpeleka zahanati apimwe masikio. Masikio ni mazima.

Ile asubuhi ya kwanza baada ya ubatizo nilifungua fomu kwenye simu yangu. Sikujaza kitu. Nikabonyeza TUMA.

"Asante. Mtoto amepokelewa."

Nilikwenda kwa Emanuel karibu nikimbie.

"Nilimrudisha kesho yake tu, mzee. Tazama." Mstari ulikuwa palepale, una rangi yake. "Jana tu mama mmoja wa Butiama alikosea namba ya simu, ikamfokea vizuri, akacheka."

Akajaribu kwenye kompyuta yake. Maneno mekundu yakaja. Nikajaribu kwenye simu yangu. Hayakuja. Akanipa simu yake, nikajaribu mimi. Hayakuja.

Watu wote aliwakagua. Mimi peke yangu aliniacha nipite.

Kila jioni nimekuwa nikiifungua. Naandika Matrida kisanduku cha kwanza, Matrida kisanduku cha pili. Naweka simu mezani, nangoja anikatalie. Sibonyezi. Nasali rozari nikiitazama hadi kioo kinazima chenyewe.

Mtoto sasa anatambaa.

Juzi, giza linaingia, Nyangi alikuwa nje anaanua nguo. Mimi nilikuwa mezani na rozari yangu na simu. Jiko la mkaa lilikuwa karibu na mlango, sufuria ya maharage inachemka juu yake. Nikainua macho. Mtoto alikuwa ameshafika pale. Mkono wake mdogo ulikuwa umeinuka kuelekea mpini wa sufuria.

"Matrida!"

Hakugeuka.

Nilisimama, kiti kikanasa, goti langu bovu likakataa. Kati yetu palikuwa na meza nzima.

"Matrida! Mama! Acha!"

Vidole vikagusa mpini. Sufuria ikayumba.

Mungu anisamehe. Hapakuwa na muda wa kufikiri. Nikaita lile jingine. Mimi, mkubwa wa ukoo, kwa mdomo wangu mwenyewe, ndani ya nyumba yangu.

Mkono ukasimama hewani.

Mtoto akageuza kichwa. Polepole. Akanitazama kama mtu mzima anavyomtazama aliyemchelewesha sana. Kisha akatabasamu. Meno mawili ya chini.

"Mmh," aliitikia.

Chumba kizima kikanuka tope la ziwa.

Nilimfikia, nikamnyanyua, nikamweka kifuani. Alikuwa wa moto na mzito na mzima. Hakuungua. Nilimshika hivyo, sijui namshukuru nani.

Nyuma yangu simu ikawaka mezani. Hakuna aliyeigusa. Nilisogea nikiwa nimempakata mtoto, nikaangalia.

Matrida. Matrida. Visanduku viwili, kama nilivyoviandika.

Na chini yake maneno mekundu.

"Baba, majina hayafanani."