Bendera Isiyokauka

Jua la Nassau hukausha samaki kabla muuzaji hajamaliza kuapa kwamba ni wa leo, lakini bendera nyeusi ya haramia Nahodha Crowle ililishinda. Ilianikwa asubuhi, mchana bado ilikuwa ikichuruzika. Keziah Tull, mshona matanga, aliikamua, akalamba kidole. Chumvi. Naye aliifua kwa maji ya mvua.

"Mmeiloweka wapi hii?" alimuuliza mumewe, Ephraim, aliyeileta kutoka melini itiwe kiraka.

"Fundi ni wewe, mke wangu. Ukishindwa kukausha kitambaa, sema."

Kisha ikaja harufu, ya sufu mbichi na damu. Kisha sauti, ndani ya mikunjo, nyonge kama za watu wanaoamini bado watasikilizwa: *Tumeshusha. Tumeshusha.*

Ephraim aliangusha kikombe cha ramu.

"Nani hao?" Keziah alinong'ona.

"Upepo."

"Upepo hauna lafudhi ya Bristol, Ephraim."

Ephraim akasema, basi. Nassau nzima inajua: bendera nyekundu, haachwi mtu hai, nyeusi ni ahadi, shusheni yenu mtaishi. Meli ya Waingereza wa Bristol waliyoivamia safari iliyopita ilishusha. Crowle alipokuta imebeba chumvi tupu, alikasirika, akawatosa mabaharia wote.

"Na wewe?"

"Nilinyamaza."

Keziah aliichoma bendera, ikafuka moshi kutwa nzima. Akapasua sketi yake nyeusi ya msibani, akashona bendera nyingine.

"Usiende nao," alimsihi.

"Nibaki, Crowle aniite mwoga? Waoga wake huning'inia mlingotini. Sikiliza: wakishusha, safari hii hafi mtu. Naapa."

"Unawaapia walio hai, au wale?"

Ephraim alibeba bendera akaenda.

Windo, meli ya wafanyabiashara, lilipatikana karibu, mbele ya macho ya mji. Keziah alipanda kilimani na jirani yake Dorcas, aliyekuwa na darubini ya wizi na hakujifanya vingine. Bendera mpya ilipanda, nyeusi, kavu. Ile ya wafanyabiashara ikaanza kushuka.

"Wanashusha!" Dorcas alicheka. "Pika, shoga, mumeo anakula kwako leo!"

Keziah aliinyakua darubini. Bendera ilikuwa imekwama katikati ya mlingoti, na mabaharia watatu walikuwa wamening'inia kwenye kamba yake kwa uzito wao wote wakiivuta chini, na nyuma yao, wamesimama kwa safu, wakichuruzika maji juu ya sitaha iliyokuwa kavu, walikuwapo wanaume wengine, wengi kuliko meli ile ilivyoweza kubeba, wakiivuta juu, taratibu, bila haraka yoyote, mpaka ikafika kileleni.

Meli ya Crowle ilikuwa tayari ubavuni. Ephraim alisimama ukingoni, mikono mitupu, akiwaonyesha viganja vyake.

Mabaharia wa wafanyabiashara walipiga magoti, mikono juu, wakilia. Hakuna hata mmoja aliyeigusa mizinga yao ilipofyatuka yote kwa mpigo mmoja.