Mkono wa Ida Kwenye Komeo

Siku ya kwanza Mwalimu Cuthbert alidhani mkewe amesikia hodi. Ilikuwa saa kumi jioni, jua bado kali. Ida aliacha kubangua korosho, akanyanyuka na tumbo lake la miezi saba, akaenda hadi mlango wa mbele na kushika komeo. Hakulivuta. Alisimama tu akizitazama mbao za mlango, na nyumba ikajaa harufu ya jiwe lililolowa, ilhali Masasi haikuwa imeona mvua tangu Aprili.

"Nani huyo?" Cuthbert aliuliza.

"Sijui," Ida alisema kwa sauti ya chini. "Kuna mtu anangoja."

Cuthbert alichungulia dirishani. Uwanja ulikuwa mtupu. Baada ya dakika chache mkono wa Ida ulilegea, akarudi kwenye ungo wake akisema labda ni joto.

Siku ya pili alisimama robo saa. Siku ya tano alisimama mpaka miguu ikavimba, na Cuthbert alipojaribu kumbandua vidole aliviona baridi na vigumu. Nje kukasikika mkwaruzo, kama mtu anayesugua sufuria kwa mchanga, ukianzia chini kwenye kizingiti na kupanda taratibu hadi juu kabisa ya mlango, mahali ambapo mkono wa mtu wa kawaida haufiki. Hapo Cuthbert akaviachia vidole vile. Alikumbuka wapi amekiona kisa hiki. Alikuwa amekiandika mwenyewe.

Enzi hizo za ruksa, serikali ilipolegeza masharti, magazeti ya watu binafsi yalikuwa yakichipuka kila mwezi, na moja la huko Dar es Salaam lilikubali kutoa hadithi yake. Kisa alikipata kwa mama mkwe wake, Bi Veridiana wa Lupaso. Kilikuwa kisa cha kiumbe wa milima ya mawe ya Masasi, asiyetajwa jina, anayeitwa tu Mwenye Mwamba. Kila aliposimulia, Bi Veridiana alimwaga unga kidogo wa mtama sakafuni, na kabla hajanyanyuka mkekani alimrudisha kiumbe yule kwao hatua kwa hatua: amevuka kijito, amepita mihogo, amefika kwenye jiwe lililopasuka, ameingia, amelala.

Sehemu hiyo ilimchosha Cuthbert. Nani anunue gazeti asome jini anavyokwenda kulala? Akaitupa. Akamshusha Mwenye Mwamba toleo baada ya toleo mpaka mjini, kwenye nyumba ya mwalimu mmoja mwenye mke mjamzito, maana hata kubuni nyumba nyingine aliona uvivu. Toleo la sita liliishia hivi: "Akasimama mlangoni, akangoja. Mama yule akanyanyuka, akashika komeo. Itaendelea."

Haikuendelea. Gazeti lilikufa wiki hiyohiyo. Mwisho wa hadithi alikuwa ameshautuma, na haukuchapwa. Mara tatu alikwenda posta kupiga simu. Mara mbili haikushika, mara ya tatu mwanamke mmoja alimjibu kwamba ofisi hiyo siku hizi ni stoo ya mitumba, asimsumbue. Cuthbert alikuwa na hasira ya kumtafuna mtu, na mtu wa kumtafuna hayupo. Ida alikwishapoteza mimba mbili. Hii ya tatu ilikuwa ikisimama wima kila jioni mbele ya mlango, na yeye ndiye aliyeisimamisha.

Akaazima baiskeli, akaenda Lupaso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu hajambo?"

Akamweleza yote.

"Ulimwacha wapi?"

"Mlangoni."

"Mlango wa nani?"

Cuthbert alitazama chini. "Wangu."

"Wewe ndiye msomi, Mwalimu. Mimi sikukaa darasani hata siku moja. Lakini mgeni wa namna ile sijawahi kumwita nikamwacha amesimama."

"Basi njoo umrudishe, mama. Nakuomba."

"Unga nitamwaga. Kumrudisha utamrudisha wewe, kwa mdomo wako. Ndiwe uliyemwita."

Kesho yake saa kumi walikuwa watatu sebuleni. Ida alinyanyuka. Harufu ikaingia. Bi Veridiana akamwaga unga kizingitini, na Cuthbert akafungua mdomo, akagundua kwamba hajui njia. Yeye mtu wa Newala, mlima wa Masasi aliuona kwa mbali tu, na kila mama mkwe alipofika sehemu ile yeye alikuwa akiwaza toleo lijalo.

"Amevuka mihogo," alianza.

"Siyo," Bi Veridiana alinong'ona.

Mkwaruzo ukaongezeka, ukazunguka mlango mzima, ukashuka, ukapanda, na komeo lililokuwa limetulia siku zote likaanza kusogea chini ya kiganja cha Ida, kidogo kidogo, wakati Ida mwenyewe akilia bila sauti na kuuvuta mkono wake kwa mkono mwingine na usije, na Cuthbert, aliyefundisha watoto kukariri kwa miaka kumi na moja, akajipiga kofi kichwani akitafuta maneno ambayo bibi asiyejua kusoma ameyasema mbele yake zaidi ya mara ishirini.

"Amevuka kijito," alisema. Komeo likasita. "Amepita mihogo. Amefika kwenye jiwe lililopasuka. Ameingia. Amelala."

Mkono wa Ida ukaanguka. Mkwaruzo ukakoma. Cuthbert alikaa chini akalia, wala hakuona haya mbele ya mkwe.

"Waliosoma ni wangapi?" Bi Veridiana aliuliza.

"Wachache, mama. Gazeti halikuuzika."

"Hayo yasiyouzika yako wapi?"

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, wakamwita Veridiana. Alikuwa na wiki sita siku ambayo jirani yao Shakila alipita na karanga, akampa Ida pakiti moja na yake akabaki nayo.

"Dukani kumeingia robota zima la magazeti ya kufungia," Shakila alisema akiondoka. "Wanasema mengine yamepelekwa Newala. Karatasi yenyewe ina hadithi, mie naipeleka nikaisome."

Cuthbert aliingia akitokea shule. Ida alikuwa amekunjua pakiti, karanga ziko kangani, midomo yake ikicheza juu ya karatasi.

"Usisome," alimwambia.

Ida alimwinulia macho. "Mshike mtoto," alisema taratibu. "Kuna mtu anangoja."

Akaenda, akashika komeo. Cuthbert alimkumbatia mtoto kifuani na safari hii hakukosea hata neno: kijito, mihogo, jiwe lililopasuka, ameingia, amelala. Mkono wa Ida ukalegea. Harufu ikapungua.

Walitazamana. Ndipo wakasikia, nyumba ya pili, kwa Shakila, komeo likivutwa hadi mwisho.