Taya Lisilovunjika

Foleni ya dispensari ya Kamalondo asubuhi ile ilikuwa ya kusukumana. Kulikuwa na akina mama wenye watoto mgongoni, wachimbaji wanaokohoa, na kijana mmoja aliyevaa suruali iliyopigwa pasi kama anakwenda kuoa, ameshika kidole gumba kana kwamba ni yai. Aliitwa Rigobert, fundi cherehani, mzaliwa wa Kasai. Sindano ilikuwa imemkatikia ndani ya kidole. Aliyemhudumia ni muuguzi Clotilde Mwape, mtoto wa mji huu wa Katanga, mwenye gauni jeupe lililombana mabegani na macho yasiyobembeleza mtu.

Alipotoa bomba la sindano, Rigobert alirudi nyuma hadi ukutani.

"Weye unachomaka manguo siku yote," Clotilde akasema, "na uko naogopa shindano?"

"Nguo hailiaki, mama."

Clotilde alicheka mpaka foleni ikanung'unika. Alimwamuru avae kofia ya chuma ya kidole kila anaposhona. Rigobert alikubali, naye akaomba ruhusa ya kulipanua lile gauni mabegani. Mambo yalianzia hapo. Baadaye akamshonea jingine la kitenge cha manjano, na Jumapili wakaonekana Kamalondo mkono kwa mkono, Rigobert akimwita "chérie" mbele za watu, Clotilde akimwambia anyamaze huku akimsogelea.

Katanga ilikuwa imejitangaza kuwa nchi peke yake, na mwaka wa sitini na moja Wakasai wakaanza kusakwa mjini. Kosa lao ni kuzaliwa kwingine. Duka la Rigobert lilivunjwa mchana kweupe, cherehani ikabebwa, naye akakatwa panga pajani. Majirani walimfikisha hospitali, ambako Clotilde alikuwa amehamishiwa wodi ya wanaume.

Huko wodini mgonjwa wa kitanda cha pili alimnong'oneza kwamba wauguzi wa Katanga wanawachoma Wakasai sindano ya kulala moja kwa moja. Rigobert hakutaka kuamini. Lakini homa ilikuwa imempanda, na kila aliposikia viatu vya Clotilde alijifunika shuka hadi kichwani. Akakataa penisilini. Clotilde alimsihi, akamkemea, akaenda kulia chooni. Kidonda kilikuwa kimeanza kunuka, na alijua wazi kwamba bila dawa ile mpenzi wake atakufa.

Kisha zikaja habari kwamba wanajeshi wako uani, wanapita kitanda kwa kitanda na kumwamuru kila mgonjwa aongee, maana lafudhi ndiyo inayowafichua Wakasai. Ya Rigobert ilisikika tangu salamu. Clotilde alikimbilia bendeji na plasta, akaanza kumfunga taya lake lisilo na jeraha lolote. Hakumweleza sababu. Masista waliomfunza kazi walisema mgonjwa haelezwi, anatibiwa, na tena mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa ametega masikio.

"Juu ya nini unanifunga kinywa?" Rigobert aliuliza. "Clotilde, juu ya nini?"

Alizidi kuzungusha bendeji. Rigobert akawaza kwamba sasa wameamua kummaliza, na wamemtuma yeye. Machozi yakamtoka.

Mwanajeshi alifika pale, kijana mrefu, bunduki begani. Clotilde akamwambia huyu ni mtoto wa mama yake mkubwa, ameanguka mgodini, paja limechanika na taya limevunjika.

"Na uso haikuvimba?" mwanajeshi akasema. "Fungua. Aseme jina ya mama yake."

"Nitafungua, chef. Lakini saa ya shindano yake imefika."

Alifunua paja kwanza, harufu ikatoka, kisha akachukua bomba la penisilini. Rigobert alijua kwamba bendeji isingeweza kuzuia ukelele wake. Akaitazama mikono ya Clotilde, mikono ambayo kule dispensari haikutikisika hata kidogo, akaiona inatetemeka. Aliyetumwa kuua hatetemeki hivi, akawaza. Huyu anaogopa kile ninachoogopa mimi. Akageuka, akampa paja mwenyewe. Sindano ikaingia. Mamu wanyi, lile neno la kwao la kumwita mama, likampanda hadi kooni, akalimeza.

Mwanajeshi alikuwa ameziba pua. Alitukana, akaenda kitanda kingine.

Homa iliposhuka, Clotilde alimpakia kwenye ambulansi, taya lake bado limefungwa, wakavuka vizuizi hadi kambi ya wakimbizi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Kati ya mahema na moshi wa majiko akakata bendeji kwa mkasi.

"Nilikuogopa," Rigobert akasema. "Nilifikiri ulikuya kuniua."

"Minajua. Niliona mu macho yako."

"Sasa juu ya nini haukuniambia?"

"Batufundishaka hivyo, mugonjwa hapana kumuelezea." Clotilde aliinama. "Nilikosa, mupenzi. Unisamehe."

Rigobert akatoa mfukoni ile kofia ya chuma ya kidole, kitu pekee kilichobaki cha duka lake, akamvika. Ilimpwaya. Akamwambia pete hana, na akamwuliza kama atakubali kuolewa na fundi asiye na cherehani.

"Minakubali. Unishonee robe ya harusi, mabega yangu unajua. Lakini leo minarudia mu wodi. Kule iko Bakasai bengine."

"Na bakikukamata?"

Clotilde alimshika uso kwa mikono miwili, pale bendeji ilipoacha alama, kisha akapanda ambulansi.

Wodini, katika kitanda alicholalia Rigobert, alikuta mzee mmoja aliyejikunyata, akijibu salamu kwa lafudhi ileile. Viatu vya wanajeshi vilikuwa vimeshaanza kusikika uani. Clotilde alipochukua bendeji, mzee akarudi nyuma hadi ukutani. Kidoleni mwa Clotilde ile kofia ya chuma ikawa inagongana na mkasi. Akainama sikioni mwa mzee, na safari hii akamweleza yote kwanza.