Mama Cherehani Anaandika

Sanduku halikuwepo, lakini waya zake zilibaki kabatini, zimekunjwa vizuri kama nguo za mtoto mchanga.

Inspekta alizitazama kwa muda mrefu. Waya sita, kila moja imeviringishwa duara na kufungwa uzi mweusi katikati. Katika miaka ishirini na mitatu ya kazi alikuwa ameona milango iliyovunjwa, vioo vilivyopasuliwa na mbwa waliolishwa sumu. Mwizi anayepanga vitu nyuma yake hakuwahi kumwona.

"Afande, kufuli ni zima," alisema Konstebo. "Aliyeingia ana ufunguo. Alama za vidole hakuna. Kabati limefutwa kwa kitambaa."

Vitambaa havikuwa haba hapo. Kampuni iliuza vitambaa vya kushonea kupitia tovuti yake, na majora yalipangwa kutoka sakafuni hadi darini. Asubuhi hiyo ilikuwa ya manyunyu. Mwanga ulipita kwenye hariri zilizotundikwa dirishani, ukaingia chumbani ukiwa na rangi ya maji, na watu wakajikuta wanaongea kwa sauti ya chini bila kuambiwa. Inspekta alijihisi kama anaota, na hakupenda kuota akiwa kazini.

Mkurugenzi wa kampuni, mama wa makamo mwenye viatu vya kelele, hakuwa anaota hata kidogo.

"Kilichoibiwa ni seva, Inspekta, lile sanduku la kompyuta linaloendesha gumzo letu. Leo saa kumi jioni tunazindua gumzo la papo kwa papo kwenye tovuti. Nimealika waandishi wa habari! Na mwizi ninamjua. Yule pale."

Yule pale alikuwa msichana aliyetengeneza tovuti hiyo, mwembamba kiasi kwamba jengo zima lilimwita Sindano. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Wiki iliyopita ameniletea barua ya kuacha kazi," aliendelea Mkurugenzi. "Nikamwambia haondoki mtu mpaka gumzo lizinduliwe. Ana ufunguo. Jana ametoka wa mwisho. Konstebo, unangoja nini?"

Konstebo akagusa pingu. Kijana huyu, tuseme ukweli, alizipenda pingu zake kuliko chakula.

"Taratibu," alisema Inspekta. "Pingu hazina miguu, hazitatukimbia." Akaketi kwenye kiti cha Sindano. "Binti, hebu nieleze. Hilo gumzo ni kitu gani?"

Sindano alifuta macho. "Kwenye tovuti kuna ukurasa wa Mama Cherehani. Ukikwama kwenye mshono, unamwandikia swali, anakujibu baada ya siku tatu. Yaani unabisha hodi, unaacha swali, mlango unafungwa. Mimi nimeweka mlango usiofungwa. Mteja na Mama wanaandikiana papo hapo. Mwenzako akianza kuandika, unaona nukta tatu zinachezacheza na neno 'anaandika'."

"Na vyote hivyo vilikuwa ndani ya lile sanduku?"

"Hapana, afande. Msimbo wote, yaani maagizo yanayoliendesha gumzo, ninao kwenye kompyuta yangu, hii hapa. Nakala nyingine iko mbali. Nikipata sanduku jingine, kufikia jioni gumzo linafanya kazi."

"Jana usiku kompyuta yako ilikuwa wapi?"

"Hapo hapo mezani. Niliisahau."

Inspekta akamgeukia Konstebo. "Umesikia? Mwizi kaiacha roho, kabeba jeneza. Huyu hajui kompyuta. Alidhani gumzo linakaa sandukuni."

Konstebo aliachia pingu shingo upande.

"Ufunguo mwingine anao nani?"

"Mimi," alisema Mkurugenzi, "na Mzee wa Stoo. Lakini mzee huyo ni mume wa Mama Cherehani mwenyewe. Mkewe macho yamepungua, anafanyia kazi nyumbani. Mzee anampelekea maswali na kuleta majibu. Nina miezi minane hapa, sijawahi kumwona huyo mama, ila nusu ya wateja wangu wanakuja kwa ajili yake."

"Mlilijaribu hilo gumzo?"

"Jana saa nane mchana," alijibu Sindano. "Nywila ya Mama nilimpa babu wa stoo ampelekee. Nikaandika, 'Mama, upo?' Mara nukta tatu zikaanza kucheza. Zikazima. Zikacheza tena. Dakika arobaini, afande, na hakuna neno lililofika. Nikasema labda macho yanamsumbua."

"Alikuwa anaandikia wapi?"

"Nyumbani kwa..." Sindano akaitazama kompyuta yake. Mkono ukapanda mdomoni. "Haiwezekani. Jana gumzo lilikuwa halijafunguliwa nje. Lilikuwa linafanya kazi ndani ya jengo hili tu. Nilifurahi mno kuona nukta zinacheza, sikuwaza."

"Jengoni kuna kompyuta ngapi?"

"Yangu, ya Mkurugenzi, na ile kuukuu ya stoo."

Stoo ilikuwa chini, ndefu na tulivu. Sauti za juu zilifika huko zikiwa zimechoka. Mzee alikuwa amesimama mezani anapima kitambaa, mkasi mkononi, tepu shingoni, na vumbi la chaki limemkaa kwenye nyusi.

"Shikamoo, mzee," alisema Inspekta.

"Marahaba, mwanangu."

"Mama hajambo?"

"Namshukuru Mungu."

"Anaendeleaje na macho?"

"Namshukuru Mungu, mwanangu."

Inspekta alikuwa amewahoji watu wengi mno, na jibu linalokataa kujibu alilijua. Akaangalia pasi iliyokuwa rafuni. Waya yake ilikuwa duara, imefungwa uzi mweusi katikati.

"Nani anafunga waya hivi?"

"Mimi. Ukiiacha ovyo inakatikia ndani. Mke wangu alinifundisha."

"Na zile za kabati la juu?"

Mzee alirudisha macho kwenye kitambaa, akaendelea kupima.

"Jana saa nane ulikuwa unamwandikia nini Sindano?"

"Sikumwandikia kitu."

"Dakika arobaini?"

"Nilikuwa nafuta. Sikutuma hata neno."

"Alikuwa anakuona, mzee. Kwenye kitu hiki, anayeandika anaonekana hata asipotuma."

Mzee aliweka mkasi chini polepole. "Sikujua," alisema. "Nilidhani mpaka utume."

"Mama yuko wapi?"

Mzee akaenda nyuma ya majora ya flaneli, akarudi na kitu amekikumbatia. Lilikuwa sanduku, limeviringishwa ndani ya gauni la rangi ya anga lisilo na mkono mmoja.

"Gauni hili alikuwa anajishonea," alisema. "Mwaka jana alikwenda kutibiwa mbali, kwa dada yake. Akafia huko, tukamzika huko huko. Nilirudi nikakuta maswali kumi na saba yanamsubiri."

Mkurugenzi na Sindano walikuwa wamefika mlangoni. Viatu vya Mkurugenzi, kwa mara ya kwanza, havikusikika.

"Aliacha madaftari arobaini na mawili," aliendelea mzee. "Mambo ya kukata kwapa yamo kwenye la tisa. Kukata mshazari, la thelathini. Siku mbili natafuta, siku ya tatu nanakili neno kwa neno. Sijaongeza hata koma yangu. Watu wanajibu, 'Asante Mama', na mimi nasikia kama yuko chumba cha pili. Siku tatu zilinitosha, afande. Sikuwa nataka zaidi."

"Kisha?"

"Kisha mtoto huyu akauliza, 'Mama, upo?' Jibu hilo halimo kwenye madaftari. Nikaandika 'nipo'. Nikafuta. Nikaandika tena. Mwanangu, mimi sijamdanganya mtu. Mlipouliza hali yake nilimshukuru Mungu, na kweli ninamshukuru. Lakini lile neno moja lingenifanya mwongo. Na ningeandika ukweli, ningemzika mara ya pili, kwa mkono wangu. Nikaona bora sanduku lisiwepo."

Inspekta alimwonea huruma, na hapo hapo akakasirika.

"Binti huyu angelala mahabusu leo kwa ajili ya neno lako hilo moja, mzee. Hilo ulilifikiria?"

Mzee alimgeukia Sindano, na uso wake ukakunjamana. "Niliposikia wanakutaja wewe, nilianza kupanda ngazi. Nikaogopa, nikarudi. Nisamehe, mjukuu wangu."

Sindano alikuwa analia. Alilichukua sanduku bila kulivua gauni.

"Mkurugenzi," alisema Inspekta, "unafungua kesi?"

Mkurugenzi alilitazama lile gauni. Alikuwa na uchungu wa kudanganywa miezi minane, na haki ya uchungu huo alikuwa nayo.

"Kesi gani? Mtunza stoo kahamisha kitu kutoka juu akakiweka stoo. Lakini saa kumi ni saa kumi, mzee. Na wateja wangu hawatadanganywa hata siku moja zaidi. Utakaa wewe mwenyewe kwenye gumzo, na utawaambia."

Saa kumi mvua ilikuwa imekatika. Inspekta kazi yake ilikwisha tangu mchana, ila bado alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mzee, kofia mkononi. Konstebo naye alikuwepo. Taa ndogo ya kijani ikawaka kwenye kioo cha kompyuta. Gumzo likafunguka.

Ujumbe wa kwanza uliingia kabla mtu hajapiga makofi: *Mama Cherehani, upo?*

Mzee aliangalia neno lile la mwisho. Kisha akaandika kwa kidole kimoja, na safari hii hakufuta:

*Hayupo, mwanangu. Alifariki mwaka jana. Mimi ni mume wake. Nina madaftari yake. Uliza, nitakutafutia.*

Akabonyeza kutuma.

Upande wa pili nukta tatu zilicheza. Zikazima. Zikacheza tena. Chumba kizima kilizitazama, na Sindano alimshika mzee bega.

*Pole sana, baba,* ujumbe ukafika. *Kola yangu imegoma kulala. Tafuta taratibu, nipo.*

Mzee alifuta miwani yake kwa pindo la lile gauni, lililokuwa sasa mapajani pake, akavuta daftari la kumi na nne.