Sabuni kwenye Feni Belti

Kila asubuhi Land Cruiser kuukuu ya mzee Remigius ilipowashwa, ililia kwiii mpaka mtaa mzima pale Karatu ukaamka. Wanafunzi waliokuwa njiani walicheka, "Nguruwe wa akina Selestina kaamka!" Selestina, mtoto wake wa darasa la sita, alijikunyata kwenye kiti cha mbele kwa aibu.

Alhamisi moja baada ya shule, baba yake alimwacha na gari gerejini kwa mzee Hilary, akaenda shambani Endamarariek. Kesho yake gari hilo lilitakiwa kuwapeleka Ngorongoro wanafunzi kumi waliofaulu vizuri, na Selestina alikuwa ameshatamba darasa zima kwamba wangepanda gari lao.

Fundi alikuwa Lomayani, kijana wa Enguserosambu. Alikuwa amepanga chumba mjini pamoja na mdogo wake Naserian, aliyekaa dawati moja na Selestina, na Lomayani ndiye aliyemsomesha mdogo wake huyo. Lomayani aliwasha injini, akanyunyizia feni belti maji. Kelele ikakoma kidogo, kisha ikarudi.

"Umesikia? Belti inateleza," alisema. "Sasa tujue kwa nini."

Alizima injini, akaitoa belti, akazungusha puli, vigurudumu vinavyoshikwa na belti, moja moja kwa mkono. Ya pampu ya maji ilikuwa nzito, ikakwaruza.

"Beringi imekufa. Puli hii ikigoma kuzunguka mlimani, belti inakatika na injini inachemka. Mimi nimeitwa niende Rhotia, kuna gari limekwama; mzee Hilary hayupo, na simu ya baba yako haipatikani. Akija mwambie gari lisitoke. Beringi itatoka Arusha keshokutwa. Sawa, mdogo wangu?"

"Sawa, kaka."

Lomayani akairudisha belti, akaondoka. Keshokutwa! Na safari ilikuwa kesho! Selestina alikumbuka ujanja aliowahi kuwasikia madereva wakiusimulia. Akachukua kipande cha sabuni pale penye bomba, akaisugua belti upande wa ndani. Baba alipokuja na kuwasha gari, lilikuwa kimya kabisa.

"Fundi amesema limepona," Selestina akasema, bila hata kupepesa macho.

Wee! Asubuhi, baba akiendesha, wanafunzi walipita geti la Ngorongoro wakaanza kupanda msituni, wakiimba. Kwenye kona ya tatu moshi ukafuka chini ya boneti, belti ikakatika na injini ikazimika. Walikaa pembeni mwa barabara mpaka mchana, wakiyatazama magari ya watalii yakipita. Kreta hawakuiona. Gari lilivutwa kwa kamba mpaka gerejini.

"Nilikuamini, ukawatia hatarini watoto wa watu!" mzee Remigius alimfokea Lomayani.

"Mzee, niliacha ujumbe gari lisitoke," Lomayani akajibu.

"Kwa nani?"

Lomayani alimgeukia Selestina. Watu wote wakamgeukia. Akainamisha kichwa.

"Hakuniambia kitu," alisema.

Mzee Hilary aliokota kipande cha belti, akakinusa. "Sabuni! Kumbe kazi imekushinda ukaficha kelele? Halafu unamsingizia mtoto? Kusanya vitu vyako uondoke!"

Lomayani aliweka spana chini. Alinawa mikono, akavaa shuka lake, akaenda zake.

Jumatatu Naserian hakuja shule. Jumanne vilevile. Mwalimu akasema amerudi kwao na kaka yake. Selestina aliona uchungu ambao hakuwahi kuujua. Jioni ile alilia, akamweleza baba yake kila kitu.

Mzee Remigius hakumpiga. Asubuhi alimpeleka gerejini, akamwambia arudie maneno yale mbele ya mafundi wote. Mzee Hilary alishika kichwa, kisha akampigia simu Lomayani, akamwomba radhi na kumsihi arudi.

"Nashukuru jina langu limesafishwa," sauti ya Lomayani ilisikika. "Ila sirudi, mzee. Hapo niliitwa mwongo mbele ya watu, na hakuna aliyeniuliza mara mbili. Naserian tumeshamwandikisha shule ya huku."

Selestina aliipokea simu. "Kaka Lomayani, nisamehe."

"Nimekusikia," Lomayani akasema, na simu ikakatika.

Njiani kurudi baba akasema, "Gari linapolia, linatuambia linaumwa. Wewe ulilinyamazisha ili usichekwe. Kisha ukamnyamazisha na mtu aliyekuwa anasema kweli. Ukweli ungetucheleweshea safari siku mbili tu. Injini nimeitengeneza, mwanangu, lakini kosa ulilomfanyia Lomayani halina spea. Nami nina kosa langu, nilimfokea kabla sijauliza. Kuanzia leo, kweli iseme siku ileile, hata kama inakuaibisha."

"Ndiyo, baba."

Siku hiyo Selestina alisimama mbele ya darasa, akawaeleza wenzake ni nani aliyepaka sabuni. Hakuna aliyecheka. Alirudi kukaa kwenye dawati lake, peke yake.