Pumzi ya Sonara

Mtaani kwetu hakuna anayenizidi mapafu. Puto nikilishika, nalipuliza mpaka linaomba msamaha. Ndiyo maana nilipomkuta babu mezani kwake asubuhi ile, mrija wa shaba mdomoni, nilimwambia kazi yake hata mimi naiweza.

Babu ni sonara. Hulehemu vidani kwa kupuliza mwali wa taa kupitia mrija ule. Alinisogezea taa na mrija. Nikapuliza kwa nguvu zote. Taa ikazimika, nami nikaona nyota.

"Umemaliza, bingwa?" akaniuliza.

Akaiwasha tena. Mwali ukanyooka kama sindano ya buluu, ukatulia tuli. Mashavu yake yalikuwa yamejaa, naye akivuta hewa kwa pua ili pumzi isikatike. Lehemu ikatiririka ndani ya ufa wa hereni ya mteja, mwembamba kama unywele. Nilisahau hata kufunga mdomo.

Mara moshi mzito wa plastiki ukaingia dirishani. Mimi nilipiga chafya moja, basi. Babu alikohoa mpaka akaishika meza, kifua kikipiga filimbi. Mwali ukayumba, ukingo wa hereni ukayeyuka. Mwenyewe angeifuata jioni, na alishasema kazi ikiharibika tena atahamia kwa sonara mwingine. Mikono ya babu haikutetemeka hata kidogo. Ni pumzi iliyomtoroka.

Shangazi, tunayeishi naye, akatoka na ndoo ya maji. Punde moshi ukaisha. Babu akapumzika kitambo kirefu, akakata ukingo mwingine, akaanza upya. Mwali ukasimama wima kama mwanzo. Mzee mwenye kifua kibovu, na moto unamtii! Hereni ikatoka haina kasoro.

"Mjukuu wangu," akasema, "daktari aliniambia mapafu ya uzee hayana akiba. Moshi unaokupa wewe chafya, mimi unaninyima kazi, na ukizidi utaninyima uhai. Plastiki haichomwi. Inapelekwa kwa wazoa taka."

Nikamuunga mkono kwa kishindo. Nikasema majirani zetu hawana huruma na wazee, na kwamba aliyewasha moto ule atafutwe, aletwe hapa aombe radhi.

Shangazi akaitua ndoo.

"Hana haja ya kutafutwa," akasema. "Nilikuwa jikoni. Kabla hujaja hapa, nilikuona ukiupepea kwa kandambili."